Mbao za Theluji, Naro Moru

Jumamosi, 6 Januari 1973

Nimekwangua ngozi tangu asubuhi. Mikono inanuka mbuzi hata baada ya sabuni. Ngozi hukatwa vipande virefu, vyembamba, huachwa na manyoya yake, kisha hushonewa kamba na kufungwa chini ya mbao. Manyoya yakilala kuelekea nyuma, mbao hupanda mlima bila kurudi kinyumenyume. Wageni wa Nairobi wanaokuja kuteleza wana vitu vya dukani vya kazi hiyo. Sisi tuna mbuzi wangu.

Mbao zenyewe ni zile za kutelezea juu ya theluji. Ndefu kuliko mtu, ncha zimepinda. Mzungu wa shamba aliziacha stoo alipoondoka baada ya Uhuru. Ushirika wetu uliponunua shamba, watu waligawana kila kitu, na mbao ni mbao. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba hadi nyumba kuzidai. Jozi moja kuku walikuwa wanalalia. Nyingine ilikuwa kizuizi cha mlango wa zizi. Nimetoa kabichi, nimetoa maharagwe, nimetoa maneno mengi sana. Sasa kuna Klabu ya Theluji ya Naro Moru. Wapagazi watano na mimi, Nyambura. Mwenyekiti ni mume wangu Kariuki, Baba Wanja.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anajua kusoma Kikuyu tu. Kariuki akisoma, shauri yake.

Jumatano, 10 Januari

Mama mkwe ameniona na suruali ya zamani ya Kariuki chini ya sketi. Aliacha uji wake upoe. Kisha akasema mlimani ni kwa Ngai, Mungu wetu, hapachezwi, na mwanamke aliyezaa hapandi huko na vijiti viwili kama panzi.

Yeye husali kila alfajiri akiutazama mlima, mlango wazi, baridi yote inatuingilia sisi. Nikamwambia mwanawe amepanda huko miaka mingi akibeba masanduku ya wageni, na Ngai hajalalamika. Akasema kubeba ni kazi.

Hilo ndilo linaloniudhi. Mzigo unaruhusiwa. Furaha ndiyo dhambi. Nitapanda.

Ijumaa, 12 Januari. Pangoni, chini ya barafu

Wawili kati yetu mlima umewashika kichwa. Wanatapika. Mimi mzima.

Theluji ya asubuhi ni ngumu, inalialia chini ya mbao. Jua likipanda inalainika. Mchana ukungu unapanda kutoka bondeni na kazi imekwisha. Tumejipaka masizi chini ya macho, maana miwani ni michache. Tumezunguka barafu yote, tukipanda na ngozi, tukizivua, tukiteleza kurudi. Nimewapita wote. Kariuki nimempita kwenye kupanda, nikampita tena kwenye kushuka.

Siri hakuna. Nilikulia Giakanja. Msichana aliyeshuka mabonde ya kule na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, utelezi wa mvua chini ya miguu, anajua kusimama wima ardhi ikimkimbia.

Mutembei alicheka hadi akaketi kwenye theluji. Yeye ni mpagazi mwenzetu wa Chogoria, upande wa pili wa mlima, na hana breki mdomoni. "Mwenyekiti! Mama Wanja amekuacha hapo kama mti ya simu!" Kariuki alicheka pia. Nadhani alicheka.

Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Kisha nikaacha kuona aibu.

Jumatatu, 15 Januari

Habari ilifika buchari kabla yetu. Huko wanamwita Baba Wanja "Bwana Mkia". Amerudi bila nyama, akasema wamefunga. Moshi wa buchari nauona kutoka hapa mlangoni.

Jumamosi, 20 Januari

Siku kubwa. Niandike yote kabla sijasahau.

Kila Februari klabu ya Nairobi huja kufanya mzunguko wao juu ya barafu. Wanapanga bendera, wanashindana, wanapiga picha. Mbao zao tunawabebea sisi. Chakula chao sisi. Wao hulala kibandani, wapagazi pangoni. Leo katibu wao alikuja kuandika watu wa kubeba. Mzungu mrefu, mpole, huondoa kofia hata kwa mbuzi.

Kariuki alisimama mbele yake na wenzake nyuma. Akasema mwaka huu watabeba, lakini pia watashindana. Kwa mbao zao wenyewe. Na watalala kibandani. La sivyo kila mgeni abebe sufuria yake.

Katibu akasema ataangalia wapagazi wengine. Kariuki akasema, "Angalia, bwana. Angalia mpaka Nanyuki." Hakuna aliyesogea. Hata wale ambao si wa klabu, hata wenye njaa ya kazi, walikunja mikono. Katibu alitazama mlima, akatazama lori lake lililojaa, akacheka, akatoa mkono.

Nilikuwa nimesimama kando ya duka na Wanja mgongoni. Nilimpenda mume wangu leo mbele ya watu wote. Sikumbuki mara ya mwisho. Jioni nilimpikia njahi, maharagwe meusi ya sherehe.

Jumatano, 24 Januari

Kariuki anasema siendi.

Alisema akiwa ameinama anafunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Wewe utabaki, Mama Wanja. Hao wageni wamesema wanataka wanaume peke yake. Sasa mimi nitafanya nini?"

Nikamuuliza walisema lini. Akasema baadaye. Nikamuuliza na yeye alijibu nini. Akasema mtu hawezi kupata yote kwa siku moja.

Mama mkwe aliitikia kutoka jikoni kwamba wageni nao wana akili.

Kwa hiyo tuliwakatalia Wazungu kila kitu ila hili. Kibanda tumekipigania. Mimi nimeachwa kama ganda la ndizi. Nimekasirika hadi meno yanauma.

Alhamisi, 25 Januari

Sijamsemesha. Nimekwangua sufuria mpaka majirani wameuliza kuna nini.

Jumapili, 28 Januari

Baada ya kanisa Mutembei alikuja na mbao zangu begani. Zake zilipasuka na mwenyekiti amempa zangu. Hakujua kama mimi nimeulizwa. Alipoona uso wangu akaziegemeza ukutani na kurudi nyuma hatua mbili.

"Mimi sitaki maneno ya nyumba ya mtu," akasema. "Chukua mbao yako, Mama Wanja."

Nilimwambia azichukue. Yeye hajanikosea. Ana miguu mizuri na haogopi kuanguka, na nataka mtu wa kwetu ashinde hata kama si mimi. Lakini nilimwambia pia kwamba nitakuja. Wapagazi wanahitajika, na hakuna sheria inayomkataza mwanamke kubeba. Mama mkwe mwenyewe amesema kubeba ni kazi.

Wanja atabaki na bibi yake. Nimemwambia mama mkwe kabla ya Kariuki. Alisaga meno, akamchukua mtoto.

Ijumaa, 2 Februari. Kibandani

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi la wageni. Nimelibeba mwenyewe kutoka bondeni. Kariuki alitembea mbele siku zote mbili, na kila tulipopumzika alikuwa na shughuli upande wa pili wa jiwe.

Kumetokea jambo. Nalisema kama lilivyokuwa.

Katibu aliingia, akaona nikishusha mzigo, akaja moja kwa moja. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Mama, mbao yako iko wapi? Mutembei nasema wewe upesi kushinda yote. Kwa nini wewe nabeba viazi?"

Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyesema wanaume peke yao. Akashangaa. Akatazama wenzake. Kuna wanawake wao wawili wamekuja na mbao, mmoja ana mvi. Mimi nilikuwa sijawaona, walitangulia na gari la kwanza. "Mimi? Hapana. Mimi hapana sema hivyo."

Nikamgeukia Kariuki. Kariuki alikuwa anapampu jiko la mafuta ya taa. Alipampu, akapampu, na jiko lilikuwa linawaka tayari.

Hakuna mgeni aliyenikataa. Nilikataliwa nyumbani kwangu. Bwana Mkia hakutaka kuonekana mkia mbele ya Nairobi, basi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki kitandani.

Siogopi kuandika: laiti katazo hili lingekuwa la Mzungu ningelibeba kwa urahisi zaidi. Hayo nimeyazoea.

Jumamosi, 3 Februari

Asubuhi anga safi, baridi ya kukata masikio. Theluji ngumu. Bendera nyekundu zimepangwa kuzunguka barafu. Watu walijipanga, wageni na wetu pamoja.

Katibu alikuwa amejitolea kuniazima mbao za mtu mgonjwa. Nilimshukuru, nikakataa. Sikutaka za kuazimwa. Nilipita mbele ya mstari mzima hadi kwa Kariuki. Nilikuwa nimevua sketi. Suruali yake, sweta yake, masizi chini ya macho.

Nikamwambia, "Baba Wanja, leta."

Sikupaza sauti. Nilishika mbao zake kwa mikono miwili na kungoja. Ngozi zilizofungwa chini yake nilizishona mimi, mbuzi alikuwa wangu, na zile mbao zenyewe nilizitoa kwenye kizuizi cha zizi la mzee mbishi kuliko wote Naro Moru. Lakini sikuyasema hayo. Nilidhani atavuta. Nilikuwa tayari kuvutana naye hapo hapo, mbele ya kamera za watu, hadi jioni.

Akaachilia.

Akavua na mabuti. Akabaki na soksi juu ya jiwe.

Mabuti yalikuwa makubwa, nikayajaza kitambaa. Kwenye bendera ya pili mguu ulicheza ndani ya buti na nikaanguka kifudifudi. Theluji mdomoni, damu kidogo. Mgeni mmoja alisimama kutaka kuniinua. Nilimwambia aende zake. Niliinuka mwenyewe. Kwenye kupanda niliwafikia wawili, kisha yule mama mwenye mvi, ambaye alipiga kelele ya kunishangilia nilipompita, Mungu ambariki. Kwenye kushuka sikufikiria chochote. Nilisimama wima, basi.

Mutembei alikuwa wa kwanza. Kwa mbao zangu! Alilala chali akalia kama ng'ombe. Mimi wa nne. Wa nne si wa kwanza na sitaki mtu anifariji. Kama mabuti yangekuwa yangu, tungeona.

Chai ilichemshwa na mwenyekiti. Alimpa kila mtu kikombe mkononi. Changu alikiweka kwenye jiwe karibu nami, akarudi kwenye jiko. Kilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyopenda. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa na kiu.

Jumapili, 4 Februari

Tumeshuka. Yeye mbele, mimi nyuma, na Mutembei katikati akiimba ili tusisikie tulivyonyamaza.

Nyumbani mama mkwe aliuliza kama wageni walinifukuza. Nikamwambia amuulize mwanawe. Kariuki alisema ng'ombe hajanyweshwa, akatoka.

Jumamosi, 10 Februari

Mkutano wa klabu, nyuma ya duka. Kariuki alisema anaacha uenyekiti. Hakusema kwa nini na hakuna aliyeuliza, wote walikuwepo kule kibandani. Wakanitazama mimi. Nikawaambia hapana. Mimi nataka kuteleza, sitaki kukaa nikiwaamulia wanaume nani amechelewa. Mutembei ndiye mwenyekiti sasa. Jambo lake la kwanza lilikuwa kutangaza kwamba hakuna mwanachama atakayeachwa nyuma ila kwa ugonjwa. Akanirudishia mbao zangu hapo hapo.

Kariuki alipiga kura ya ndiyo. Niliona mkono wake. Bado sikumwangalia usoni.

Buchari siku hizi wamempa jina jingine. Silipendi, na nilimjibu aliyelitamka. Mume wangu nitamkasirikia mimi. Sijaomba msaada.

Jumanne, 27 Machi

Msimu umekwisha. Mlima hauonekani tangu wiki iliyopita, mawingu yamekalia hadi msituni. Mbao nimezipaka mafuta ya kondoo na kuzifunga darini.

Leo tulipanda viazi. Kariuki anachimba, mimi naweka mbegu, mama mkwe anafukia. Wanja kwenye gunia mwisho wa shamba anakula udongo. Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima bila neno zaidi ya "sogea" na "lete".

Mwisho wa mstari Kariuki alisimama, akaegemea jembe. Hakunitazama. Alimtazama mama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa bado anaamini habari ya wageni. Akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida, kwamba wageni hawakumkataa Nyambura. Kwamba ni yeye. Kwamba alisema uongo mle nyumbani, mbele yake.

Mama mkwe aliendelea kufukia. Alifukia viazi vitatu, vinne. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama kule juu ni baridi sana.

Nikamwambia ni baridi, lakini mtu akikimbia haisikii.

Akaitikia, "Ĩĩ."

Kariuki alikuwa bado amesimama. Nilingoja nione kama hasira yangu imeondoka. Haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa tu, kama mtu aliyechoka kusimama mlangoni. Nikamwambia mstari unaofuata aupinde kidogo, maji yasije yakasimama.

Akaupinda. Mvua ilianza kabla hatujamaliza, na hakuna aliyekimbilia ndani.