Neno Moja Nililoongeza Kwenye Tangazo la Kisima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana mwisho wa mwezi kaka yangu anatia sahihi kuuza saluni yake ya kunyolea, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo ingawa yeye hajui.

Nina miaka thelathini na miwili, nafanya kazi katika kampuni inayotafuta gesi ardhini, siko kwenye mitambo, niko ofisini, kazi yangu ni kuandika matangazo ya magazetini na kupokea simu za watu walionunua hisa zetu. Kaka yangu ni kinyozi, watu wanamwita Mkasi ingawa siku hizi anatumia mashine, na ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki nikiwa darasa la tatu, akanisomesha kwa vichwa vya watu mpaka chuo, na hakuna siku niliyorudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Mwaka jana tulipokuwa tunachimba kisima cha kwanza, mtaalamu wa miamba alileta ripoti kwamba wameona mabaki machache ya gesi na ni mapema mno kusema lolote. Bosi wangu akaniwekea karatasi mezani akasema, "Iandike ichangamke kidogo," nami nikaandika kwamba kuna dalili za kutia moyo, bosi akasoma akapitisha, halafu kabla sijaituma nikaongeza neno moja, "sana", dalili za kutia moyo sana, na mshauri, hakuna aliyeniagiza. Niliongeza kwa sababu nilijua kaka atasoma, nikataka aone kwamba yule mtoto aliyemsomesha yuko mahali penye jambo kubwa.

Kaka alisoma, akakikata kipande kile cha gazeti akakibandika kwenye kioo cha saluni, chini ya bei za kunyoa, na kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa anakitazama huku mashine ikimpita kichwani. "Mdogo wangu ndiye kaandika hapo," alikuwa anawaambia, "na yule tangu mtoto uongo haumkai mdomoni." Akanunua hisa kwa akiba yake yote, na wateja wake watatu wa siku zote wakamfuata, dereva mmoja mstaafu, fundi viatu wa mlango wa pili, na mwalimu wa hesabu ambaye alikaa na kalamu akapiga hesabu akaona inakubali.

Miezi minne iliyopita majibu yakatoka. Gesi ipo, lakini ni kidogo mno, haiuziki, kisima kikazibwa kwa zege. Tangazo hilo nalo niliandika mimi, mistari sita, na hata mchana haujafika hisa zilikuwa zimebaki robo ya bei yake. Nilijiandaa kutukanwa kwenye simu, lakini waliotukana walikuwa wachache na walinipa nafuu, kinachoniua ni wale wapole. Mama mmoja hupiga kila Jumatatu, haulizi pesa zake, anauliza tu, "Mwanangu, kwani walichimba mpaka mwisho? Labda wangeongeza mita chache." Namjibu kwamba walifika mwisho, anashukuru, Jumatatu anapiga tena.

Wale wateja watatu hawakumfokea kaka, wangemfokea yangekwisha, wao walihamia tu kwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara, na kupitia mlangoni kaka anawaona wanavyotoka huko shingo zimesafishwa. Fundi viatu bado anamsalimia asubuhi, salamu ya kumalizia wajibu. Kaka siku hizi anakaa yeye mwenyewe kwenye kile kiti cha wateja, anafuta mashine ambazo hazikuchafuka. Wifi yangu aliniambia, "Wifi, chakula anakigusa tu. Usiku anahesabu vichwa vya siku hiyo, vitatu, vinne, anageukia ukutani."

Sasa kampuni inauza hisa mpya ili ichimbe kisima cha pili, na bosi amenipa kazi ya kuandika barua kwa wenye hisa, akasema, "Wape moyo, wewe unaiweza hiyo lugha." Mtaalamu wa miamba alinikuta kwenye korido akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pesa ingekuwa yake asingeiweka hapo. Na kaka ameshapata mtu wa kuinunua saluni, kiti, vioo, mashine na ile nafasi yenyewe, anataka pesa yote aitie kwenye hisa mpya, kwamba kisima cha pili kikitoa gesi, wale watu watatu watajua hakuwaponza.

Wiki iliyopita nilikwenda saluni nimeamua kumwambia. Nikasema, "Kaka, lile tangazo la kwanza..." akanikatiza. "Usijilaumu, mdogo wangu. Wewe uliandika ulichopewa. Duniani kama kuna mtu mmoja ambaye hajanidanganya, ni wewe." Nikamwomba maji ya kunywa. Nikimwambia nitampotezea hicho kimoja alichobakiwa nacho, nisipomwambia atauza. Nimefika mwisho, mshauri, sioni njia.

Mdogo mtu

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jina la utani la kaka yako nimelibadilisha ili asilikute hapa kabla hajakusikia wewe.

Tuanze na lisilo lako. Mwamba hausomi gazeti. Ungeandika "sana" mara mia au usingeandika kabisa, gesi ingebaki kidogo vilevile, kwa hiyo acha kubeba kisima kizima mgongoni. Lililo lako ni dogo na ni zito: ulimpambia kaka yako tumaini ili akuone mkubwa, yeye akalitembeza kwa watu kwa heshima yake. Hilo hukutumwa na bosi, na usimsogezee.

Unasema unaogopa kumpotezea alichobakiwa nacho. Nitakukemea hapo. Unachokilinda ni sifa yako kwake, na unailinda kwa saluni yake. Mficha uchi hazai. Yeye anauza kazi ya mikono yake kulinda jina ambalo wewe unaweza kumrudishia bure, kwa kufungua mdomo.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi, saluni ikifunguliwa tu. Usianze na "lile tangazo", maana atakukatiza tena kwa upendo, na wewe unautafuta upenyo huo. Anza na "nilikudanganya", halafu mwambie neno lenyewe na kwa nini uliliweka. Usilie kabla hujamaliza, atakubembeleza na mazungumzo yatakuwa yako. Ya kwenye korido yaache koridoni, ni ya kampuni na huyahitaji. Majibu ya kisima yalishatangazwa kwa watu wote, msomee ile mistari sita polepole, kisha mwambie wewe mwenyewe usingeuza hata taulo la saluni kununulia hisa hizo.

Ukitoka hapo, nenda kwa dereva, kwa fundi viatu na kwa mwalimu, mmoja mmoja, uwaambie kwamba Mkasi alisoma alichoandikiwa na aliyeandika ni wewe. Huenda wasirudi kwenye kiti chake. Waambie hivyohivyo.

Kazini, andika kilichopimwa na usiandike kisichopimwa. Bosi akitaka moyo, mwambie auandike yeye na aweke sahihi yake. Unaweza kufukuzwa, sitakudanganya. Anza leo kutafuta pengine. Na yule mama wa Jumatatu, mwambie ukweli wote: walichimba mpaka mwisho, na mita chache zaidi zisingebadilisha kitu.

Siwezi kukuahidi kwamba kaka atakusamehe. Mtu aliyekulea kwa mkono wake akigundua hili anaweza kukaa mwaka asikuangalie usoni, na utauona mrefu. Akikwambia ondoka, ondoka, usimjibu. Lakini kabla hujavuka kizingiti mwombe jambo moja tu, kwamba asitie sahihi mwezi huu. Ukitoka pale huna kaka lakini yeye bado ana kiti chake cha kunyolea, hesabu kwamba umeshukuru kwa ile ada.