Jina la Mama Kwenye Cheti

Jumatano, Msambweni

Cheti changu cha uraia sasa kitakuwa na jina la mama aliyenizaa. Alhamdulillahi.

Kosa lenyewe lilitokana na wema. Zamani sisi Wapemba tunaoishi Kenya hatukuwa na vitambulisho, basi jirani yetu Bi Mwanamisi aliniandikisha shuleni kama mwanawe. Tulipopewa uraia, karani alinakili jina lake kutoka karatasi za shule. Niliogopa kwamba kulifuta kungemuumiza.

Leo aliacha mahamri yake yanayouzika asubuhi, akaja nami na mama ofisini kuapa.

"Kwani huyu si mwanao?" karani akauliza.

"Kumzaa sikumzaa. Nilimwazima jina apate kusoma. Sasa mpeni mwenyewe haki yake."

Mama akajifuta macho kwa mtandio. Mimi nikainama, nikizikunja zile karatasi za shule.

Tulipotoka Bi Mwanamisi akanisukuma bega. "Mbona umenuna? Wadhani mkutano wa wazazi sitakuja tena? Walimu wenyewe wananiogopa!"

"Mara hii twende sote, dada," mama akamwambia. Hajawahi kufika shuleni kwangu hata siku moja.

Kesho nitamwomba mwalimu viti viwili.