Kofia Nilizozishona kwa Jina la Mama

Jumatatu, Likoni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya rasharasha isiyojua kuaga, na nguo nilizoanika jana zimerudi kwenye beseni. Naandika kwa herufi nilizozikuza mpaka neno moja lajaza nusu ya simu. Mkikuta makosa nisameheni, au mlaumuni mtoto wa jicho.

Ndiyo, nimemtaja. Alhamisi napasuliwa jicho la kulia, na la kushoto litafuata inshallah. Watu husema macho hayana pazia. Yangu yana pazia, tena zito lile la mlango wa sebuleni.

Nilikuwa nimeapa sendi hospitali, hata baada ya kupimwa na kupangiwa siku. Binti yangu Rukia, ninayekaa naye hapa mtaani Bofu, amenisihi mwaka mzima, na mimi namjibu kwamba naona vizuri, ni taa za siku hizi tu hazina nguvu. Kilichonigeuza ni mchele.

Juzi nilichambua mchele, nikautoa mawe na chuya, nikamkabidhi sinia lake, nikaenda kujinyoosha. Baadaye nikaingia jikoni kutaka maji. Nikamkuta ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amelisogeza sinia dirishani, auchambua upya ule ule mchele. Pembeni kuna kijilima cha mawe. Mawe niliyoyapitisha mimi! Akashtuka kama mwizi. Nikarudi chumbani bila maji, nikakaa kitandani.

Kazi ile ya Rukia naijua. Niliifanya mimi, nyumba hii hii, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na matokeo yake sijapata kumsimulia mtu.

Mama yangu alikuwa mshona kofia. Si za cherehani. Za mkono, kofia za vito, zenye mamia ya vitundu vidogo na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja ilimchukua miezi. Bwana harusi wa Likoni aliyevaa kofia ya Mama alitembea shingo imesimama, na watu wakajua ni mkono wa nani kabla hawajaambiwa.

Nikifumba macho sasa hivi (na nikifumba nikifumbua, tofauti si kubwa) namwona kwenye mkeka wake ukumbini, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, redio imefunguliwa kidogo tu, harufu ya mahamri ya asubuhi ingali ndani ya nyumba. Mlango haufungwi mchana kutwa. Mpangaji wetu kutoka Ukambani, Mama Kilonzo, apita na ndoo yake akiimba nyimbo za kanisani, na Mama amwitikia kwa kaswida. Jamani, siku zile! Naikumbuka nyumba ile mpaka kifua chaniuma, na nimo ndani yake.

Kisha Mama akaanza kuniomba nimtungie uzi. "Mishi, nitungie sindano, mikono yanitetema." Mikono haikumtetema hata kidogo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kusomesha chekechea nikawa namtungia sindano kumi, nazichoma kwenye mto mmoja baada ya nyingine. Chai akaanza kuimimina kando ya kikombe. Siku moja akamwamkia Mama Kilonzo kwa jina la shangazi yangu, na Mama Kilonzo, Mungu amweke, akaitika kishangazi vile vile. Tulicheka sote, na Mama alicheka kutushinda.

Halafu nikaitizama kofia aliyokuwa akiishona. Vitundu vilikuwa vimepandana, safu imekwenda upande, pengine uzi umeshika kitambaa na pengine haukushika kitu. Ilikuwa kofia ya harusi ya kijana wa mtaa wa pili. Mama alikuwa amelala, ndiyo desturi yake baada ya sala ya adhuhuri. Nikachukua wembe, nikafumua safu mbili, nikazishona upya, nikairudisha pale pale mkekani na sindano nikaichoma alipoichoma yeye.

Alipoamka akaipapasa, akaendelea.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Yeye hushona asubuhi, mimi hufumua mchana. Nilijiona mtoto mwema, wallahi! Nilijiambia namsitiri mama yangu, kwa sababu jina lake lilikuwa kofia zake, na siku kofia moja itakapotoka mbovu watu watasema Bi Zuhura amekwisha. Kofia zikatoka safi. Watu wakazisifu, na Mama akakaa na sifa zake.

Ijumaa moja akaja ndugu yangu Omari, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kukaa Changamwe. Alikuwa na habari. Huko kisiwani, hospitali, kuna daktari atoaye mtoto wa jicho na watu wanarudi wakiona, tena yeye mwenyewe keshamwona mzee aliyetolewa. Mama akainuka. Aliingia chumbani, akatoka na kofia, akamtupia mapajani.

"Haya, itizame. Hii ni kazi ya asoona?"

Omari akaigeuzageuza, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Kazi safi. Akaona haya, maskini. "Nisamehe, Mama." Akala, akaaga, akashuka zake kwenda kuvuka feri.

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, birika mkononi. Zile safu Omari alizozipapasa kwa kidole nilikuwa nimezishona juzi yake. Neno lilinifika kwenye meno. Nikalimeza, nikamimina chai.

Miezi minane.

Miezi minane nilikuwa na nafasi ya kusema, kila siku baada ya adhuhuri, na kila siku nikashika wembe. Mpaka asubuhi jicho la kushoto la Mama lilipoamka jekundu, kichwa chamuuma hata anatapika, ashika ukuta na kumwita mamake aliyekufa zamani. Ndipo tukamvusha feri kumpeleka hospitali. Daktari alimpima, kisha akanitoa nje, akanieleza kwa upole kwamba mtoto wa jicho ameachwa akakomaa kupita kiasi, presha ndani ya jicho imepanda, na mshipa wa kuonea umekufa. La kushoto limekwenda. La kulia lawezekana. "Angeletwa mapema," akasema, na hakumaliza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Pale maradhi yalikuwa ya mmoja na mfichaji ni mwengine.

Jicho la kulia likapangiwa siku. Mama sasa hakubisha tena. Alijitayarisha kama aendaye Hija. Akapaka hina miguuni, akafunga kifurushi chake cha leso mbili, tasbihi na mto wake mwenyewe, kisha akafanya jambo ambalo watu wetu hulifanya kabla ya safari ambayo hujui kama utarudi. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, huku nikimshika mkono. Jirani aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya kuku, akamwomba radhi. Mama Kilonzo alilia, akamwombea kwa Yesu, na Mama akasema amina kwa sauti. Tuliporudi akanigeukia mimi.

"Na wewe Mishi, mwanangu. Nilokukosea, niwia radhi."

Desturi ni kujibu. Nikajibu kwamba nimemwia radhi. Mimi! Nilisema maneno hayo, kisha nikaenda uani nikafungua mfereji wa maji ili nisisikike.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Kazi ilikuwa baadaye, maana siku zile haikuwa kama sasa, wanavyoniambia nitarudi nyumbani jioni ile ile na chupa ya dawa ya matone. Mama alilazwa siku nyingi, jicho limefunikwa kibati chenye matundu. Asiiname. Asikohoe. Asinyanyue hata kata ya maji. Lililomuuma zaidi ni kukatazwa kusujudu, akasali ameketi kitandani akinung'unika kwamba Mola atamwona mvivu. Mama Kilonzo alivuka na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, akakatazwa na muuguzi kumchekesha mgonjwa, na akashindwa.

Alipopewa miwani, ile ya zamani, vioo vinene kama chini ya gilasi, alinitizama kitambo. Neno lake la kwanza likawa, "Mbona umekonda hivi?"

Tulipofika nyumbani akataka kofia yake, ile iliyobaki nusu. Nikaileta. Nikaona ananyoosha mkono na siwezi kuiachia. Nikapiga magoti pale mkekani nikasema yote, wembe, safu, siku ya Omari, miezi minane, na maneno ya daktari ambayo sikuwa nimemfikishia. Nilikuwa nikilia kama mtoto wa chekechea yangu.

"Usinilize," akasema, akijigusa kando ya jicho. "Kulia nimekatazwa, mato yangu yangali mabichi." Akaichukua kofia, akaigeuza ndani nje. "Nalijua. Nalijua tangu ile ya kwanza. Mafundo yako makubwa, vidole vyangu vyayaona. Nalinyamaza kwa kuwa nikiogopa kisu. Wewe walificha mato, mimi nalificha hofu. Haya, inuka, weka chai."

Hatukulizungumza tena. Aliishi na jicho lile moja mpaka katikati ya miaka ya tisini, hakushona tena vito, lakini aliketi mlangoni na hakuna mtu wa Bofu aliyepita bila kuambiwa nguo yake imekaaje.

Lakini maneno yale nimeyageuza miaka yote hii, ndani nje. Kama alijua kweli, mbona alimtupia Omari kofia ile kwa kiburi namna ile? Mbona usoni hakuwa na hata chembe ya wasiwasi? Siku nyingine naamini alijua. Siku nyingine naona aliniangalia pale chini, nimekonda, nimepiga magoti, akaamua kuubeba mzigo wangu yeye, papo hapo, akautia jina la hofu yake ili mimi niweze kuinuka. Mama yangu angeweza yote mawili. Sitajua.

Ninachojua ni kwamba, kweli au si kweli, lile neno la hofu lilitajwa nyumba hii jicho moja likiwa limeshakwenda.

Saa moja iliyopita nilimwita Rukia. Akaitika "abee" kutoka jikoni, akaja, mikono ina unga. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima, na yote ikaniponyoka. Nikamwambia nilimwona na mchele. Akaanza kujitetea, nikamnyamazisha. Nikamwambia sioni, sioni mwaka sasa, si taa wala si nini, na nilikataa kwenda kwa sababu naogopa kupasuliwa, naogopa hata sasa.

Akaja karibu. Aliketi sakafuni, akalaza kichwa chake mapajani mwangu, mtu mzima mwenye watoto wawili, na unga wake wote ukanijaa kwenye leso.