Sakafu ya Bafu

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwenzio na wale watundu wawili. Mimi nipo. Goti linanisumbua asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia nusu ya maneno, na hili nataka tulizungumze lote.

Nyumba imepata mnunuzi. Ni mkunga, mwanamke wa makamo, anaongea taratibu. Aliipenda alipoiona, bei tukakubaliana, nikafikiri kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Juzi alimtuma mkaguzi wa nyumba, bwana mmoja mwenye tochi na viatu visivyo na vumbi. Alishinda humu. Aliingia darini, alichungulia chini ya karo, alifungua kila swichi. Bafuni alimwaga ndoo ya maji, akasimama kuyatazama kana kwamba yatamwambia kitu. Nilimkaribisha chai, akakataa kwa adabu.

Leo dalali kaniletea majibu. Mkunga anataka bati linalovuja juu ya korido lizibwe, nyaya za umeme ziangaliwe na fundi, bawaba za mlango wa nyuma zibadilishwe, sebule ipakwe rangi. Na sakafu ya bafu ivunjwe yote, imwagwe upya, kwa kuwa maji hayaendi kwenye tundu, yanakimbilia mlangoni.

Mwanangu, nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Sakafu ile tuliimwaga mimi na marehemu mama yako, yeye akikoroga saruji, mimi nikisawazisha, wewe ukiwa tumboni. Nimemwambia dalali huyo mama anunue kama ilivyo au aache.

Baba yako

12 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, mdogo alishikwa na mafua lakini yamepita. Pole na goti. Likande kwa maji ya moto, usilizoee tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kazini, masufuria ya uji wa wagonjwa yakichemka na msimamizi akinitupia jicho. Naelewa umekasirika. Lakini ni wewe uliyesema nyumba imekuwa kubwa na kimya mno, kwamba unataka kuja kukaa nasi. Mkunga akijitoa tutaanza upya, na mnunuzi mwingine naye atakuja na mkaguzi wake. Bati haliachi kuvuja kwa kuona mgeni.

Si lazima tukubali yote, wala si lazima tukatae yote. Mimi nimeyagawa hivi: kuna vinavyoua, kuna vinavyoharibu, na kuna vinavyoudhi tu. Umeme unaua. Mwite fundi, usibishane. Bati linaharibu, ama tulitengeneze, ama umpunguzie bei atafute fundi wake. Rangi na bawaba vinaudhi tu, hivyo mwambie kwa upole kwamba atapaka rangi aitakayo mwenyewe akishahamia.

Sakafu sijui niiweke wapi. Usinikasirikie, Baba, nauliza tu: tunagombania saruji hapa, au tunamgombania Mama?

Nimempigia dalali. Anasema mkunga ana haki ya kujitoa mpaka mwezi utakapokwisha. Na tafadhali usipande juu ya paa.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mafua yamepita.

Kuhusu mama yako sina la kusema.

Kuhusu bati, nimenunua misumari na nimeazima ngazi kwa jirani. Sijafikia kumlipa mtu apande paa nililoliezeka mwenyewe. Umeme hauna neno, taa zote zinawaka.

Wasalimie watundu.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujaniambia hali yako, na mimi leo sina subira ya kuzunguka. Rudisha ngazi ya watu. Una goti moja linalokubali na moja linalokataa, na hapo nyumbani hakuna wa kukuokota. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Binti yako

8 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako. Simu inaita haipokelewi. Dalali anasema hajui kitu, ila mkunga alionekana akiingia langoni kwako siku ya mwisho kabisa, na uso wake haukuwa wa kununua. Kama ameghairi, haidhuru. Nyumba na ibaki, tutajua la kufanya. Nataka kusikia kwamba uko mzima, basi. Nimeomba ruhusa kazini. Nisipopata barua wiki hii napanda basi.

Mwanao

10 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nimesoma barua yako nikaona aibu. Usipande basi, ila hiyo ruhusa usiirudishe, utaihitaji. Simu ilikuwa imefunikwa na vumbi la saruji pamoja na vitu vingine vyote humu ndani. Sasa kaa nikusimulie.

Ngazi sikuirudisha. Ile siku ya mwisho niliipanda. Nilipofika usawa wa bati, lile goti linalokataa likakataa kweli. Likakaza, halikunji wala halinyooki. Nikabaki nimekumbatia ngazi kama mtoto kwenye mguu wa mama yake, misumari mdomoni, siwezi hata kuita mtu.

Aliyenikuta ni mkunga. Alikuwa amekuja kuniambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba anajitoa. Aliweka mkoba chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, tema misumari. Usitazame chini. Vuta pumzi, itoe polepole. Sasa mguu wa kushoto." Sauti ile ile, nadhani, anayowaambia wanawake wanaojifungua wodini. Akanishusha ngazi kwa ngazi. Nilipogusa ardhi akasema, "Hongera," halafu akajishtukia, tukacheka wote wawili.

Tukakaa barazani. Nikamuuliza kwa nini sakafu ile imemkaa rohoni, wakati hata mkaguzi kaiandika mwishoni. Akaniambia anahamia na mama yake mzazi. Mama huyo aliteleza bafuni katika nyumba waliyopanga, akavunjika nyonga, akalala chini mpaka binti yake aliporudi kutoka zamu. "Rangi niliomba tu, dalali alisema niombe kila kitu," akasema. "Hiyo sakafu ndiyo inayoninyima usingizi."

Maji yale yanakimbilia mlangoni tangu siku ya kwanza. Mama yako alikuwa akiyasukuma kwa ufagio kila alipooga, akinitania kwamba fundi wake kajenga mto. Miaka yake ya mwisho alikuwa akishika ukuta akitoka. Nilimwona, nikadhani ni uzee tu. Nikamwambia mkunga sakafu nitaivunja.

Mengine tukayapanga hapo hapo, kama ulivyoyagawa. Bati nimempunguzia bei. Rangi na bawaba kaviacha. Umeme nikakubali shingo upande, nikamleta fundi.

Fundi alisogeza kitanda changu, akafungua soketi iliyo nyuma ya kichwa changu, akaniita nitazame. Waya ulikuwa umeungua, ganda lake limeyeyuka, mbao ya nyuma imekuwa mkaa. Alisema ingekuwa mbao kavu zaidi tusingekuwa tunaongea. Nilikaa kwenye kitanda. Kila jioni nilikuwa nawasha feni pale na kulala fofofo, na mchana nawatukana watu waliotaka kuniokoa. Amebadilisha nyaya za nyumba nzima. Sasa nikigusa swichi naigusa kama rafiki.

Sakafu ilivunjwa Jumatatu na mwashi wa mtaa wa pili. Mimi nilikaa kwenye kiti mlangoni, nikimsumbua kwa maelekezo. Nyundo ya kwanza ilipotua nilijiandaa kulia. Badala yake nikasikia njaa, njaa kubwa, mwanangu, kama sijala tangu tulipomzika mama yako. Nikaingia jikoni nikapika, nikala sahani mbili, mwashi akala ya tatu.

Uliniuliza tunagombania nini. Ulishajua, ndiyo maana uliuliza. Sasa nimechoka vizuri, na nalala.

Baba yako

24 Aprili

Binti yangu,

Natumaini hamjambo. Goti ni lile lile, mimi nimebadilika kidogo.

Leo nimekabidhi funguo. Mkunga alikuja na mama yake, kikongwe mwenye mkongojo na maneno mengi. Kabla hata ya kuona vyumba aliomba kuoga. Binti yake akataka kuingia naye kumshika, akafukuzwa. Tukabaki koridoni, mkunga na mimi, tumekodoa macho chini ya mlango kama wezi. Tukasikia maji yakimwagika, kisha yakinguruma kwenye tundu. Mlangoni halikufika hata tone.

Mkunga akagonga, akauliza kama yuko salama. Sauti ikajibu kutoka ndani, "Niacheni nioge. Au nyumba hii nayo ina zamu?"

Mkunga akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nikabeba sanduku langu, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Usiijibu barua hii. Itakuta hakuna mtu wa jina langu hapa. Wewe nitandikie kitanda tu, na asubuhi msiniamshe.

Baba yako, aliye njiani