Moyo Niliouficha

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.
Nimefua, nimeanika, nimeshona sare tatu. Mimba wiki ya thelathini. Mgongo unauma tangu asubuhi. Mama mkwe amekuja kutoka Myanga, anasema nipumzike. Wateja je?

Jumanne, 4 Machi. Hospitalini.
Kumbe ni uchungu wa kuzaa. Mapema mno. Muuguzi aliuliza kama nimewahi kuugua moyo. Mama mkwe alikuwa hapo, ameshika mkoba wangu. Nikasema hapana.
Uongo. Nikiwa darasa la tano, daktari wa Bungoma alimwambia mama moyo wangu una kasoro. Tulinyamaza. Nani angenioa?
Nimewekewa dripu ya kuzuia uchungu. Pia sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Jumatano, 5 Machi.
Uchungu umepungua. Moyo unakimbia. Mikono inatetemeka, mwandiko mbaya. Muuguzi alisema dawa hii huharakisha moyo, nimwambie ikizidi. Imezidi tangu saa nne. Sijasema. Wakiitoa, mtoto atazaliwa. Naogopa. Mama mkwe ananipepea na kitabu cha kliniki.

Alhamisi, 6 Machi.
Jana mchana pumzi ilinikata. Kulala chali siwezi. Kikohozi, kifua kimejaa maji. Nikamshika muuguzi mkono, nikamwambia yote, mama mkwe akisikia. Dripu ikatolewa papo hapo. Oksijeni. Daktari hakunikaripia. Alisema mlango mmoja wa moyo ni mwembamba, damu haipiti vizuri, na dawa ile iliulazimisha moyo kukimbia. "Ungetuambia, tungekupa dawa nyingine."
Mama mkwe aliweka mkoba wangu kitandani, akatoka nje. Hilo liliniuma kuliko sindano zote.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimejifungua saa tano asubuhi. Msichana. Mdogo sana, lakini alilia. Yuko kwenye mashine ya joto.
Mama mkwe amerudi na uji. Akaketi kitandani.
"Ati ulidhani nitakufukuza? Mimi nilizaa saba, nikazika watatu. Si ungeniambia tu, mwanangu."
Nililia. Uji ukapoa.

Jumapili, 9 Machi.
Maji kifuani yamepungua. Bado nalalia mito mitatu. Nitaanza kliniki ya moyo.
Wafula, mume wangu, amefika kutoka kazini Lwakhakha. Nilimwambia mwenyewe. Alitazama nje dirishani. Halafu akauliza kama mtoto ameanza kunyonya.
Nikasema anapewa maziwa kwa mrija.
Akavua koti, akaenda kunawa mikono ili amwone.