Jicho la Pili la Jogoo

Mwanaidi mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nguvumali tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Lakini wewe na hiyo mbuzi yako ya kukunia nazi mmenichosha! Video tatu umenitumia, zote zimegandisha simu yangu. Unasema umeiunda kwenye kompyuta, inazungushwa pande zote, ila programu ya katuni bapa za mtandaoni inaikataa, na mwenye mgahawa aliyekuagiza katuni ya tangazo anaitaka Jumatatu. Kisha unaniuliza mimi, mshona foronya, uiingizeje yote.

Haiingii yote! Nilipokuwa mwali nilidarizi jogoo kwenye foronya za harusi yangu. Nikamkamata jogoo wetu, nikamgeuza huku na huku, nikashona macho mawili, mabawa mawili, mgongo na tumbo. Akatokea kama aliyekanyagwa na lori, na wakwe wanakuja Ijumaa. Shangazi akaja juu: "Kwani we umesimama wapi unapomtazama?"

Nikafumua huku nalia. Nikamfunga jogoo kwenye tendegu la kitanda, nikakaa upande mmoja, nikashona nilichokiona tu.

Basi na wewe chagua pa kusimama. Itoe mbuzi yako picha za upande huo, moja baada ya nyingine nazi ikizunguka, uingize hizo picha. Ya nyuma yaache nyuma.

Babu yako, Mungu amrehemu, alilalia foronya ile mpaka ikachanika. Hakuniuliza hata siku moja jicho la pili liko wapi.

Ni mimi bibi yako, niliyechoka.