Mama Anataka Kuniona Kabla ya Kupasuliwa Moyo

Tarehe 3 Machi. Leo nimetimiza miaka minne na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mshauri, naandika kwa shida kidogo kwa sababu niliishia darasa la sita na vidole vyangu vimechakaa kwa waya, kazi yangu ni kusuka nondo kwenye majengo huku ng'ambo, lakini wenzangu wa chumbani wameniambia andika, huyo mama hujibu, maana ukurasa wako tunausoma kila wiki saa ya chakula, mmoja anasoma kwenye simu sisi wengine tunatafuna na kusikiliza, na mara nyingi umetusaidia bila wewe kujua, kwa hiyo kwanza pokea shukrani zetu.

Shida yangu ni mama. Ana miaka sabini na saba. Mwezi wa kumi na moja alizimia akianika nguo, na alipozinduka akasema ni jua. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, hakulikubali hilo jua, akamshika mkono mpaka hospitali, na daktari akasema mlango mmoja wa moyo umekakamaa, damu inapita kwa kujipenyeza. Bila huyo shemeji leo ningekuwa naandika habari nyingine. Daktari anataka kumpasua kifua amwekee mlango mpya, uliotengenezwa kwa ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe. Hakutuficha kitu. Alisema kati ya wazee mia wa umri na hali ya mama, wanne au watano hawatoki salama, na wengine hupata kiharusi, lakini asipopasuliwa, kwa jinsi alivyoanza kuzimia, hata miaka miwili ni ya kuomba.

Nilimpigia mama nikidhani atalia. Akacheka. "Baba, nyumba imechakaa hivi, meno nimebakiza sita, mnataka kuitia mlango mpya?" Nikamwambia mama, acha mzaha. Akasema, "Haya, wanitie. Ila mkinisikia nalia kama ng'ombe msinichinje." Kisha akasema neno ambalo limeninyima usingizi: "Nimekubali, lakini nikuone kwanza. Nikuone kwa macho yangu, sitaki kwenye hicho kioo cha simu. Usipokuja, sipasuliwi."

Upasuaji umepangwa tarehe 20 Aprili. Likizo yangu ni mwezi wa nane, siku thelathini, na hapa tunapata moja tu kwa mkataba mzima. Nilitaka niitumie baada ya upasuaji nimuuguze, nimchotee maji, maana daktari amesema miezi mitatu asinyanyue hata ndoo, na tena nikienda kabla, si ndiyo nitakuwa nimekwenda kumuaga? Nikamwambia mdogo wangu aombe wasogeze upasuaji mpaka mwezi wa tisa, nikishamwona mama kwenye likizo, akanijibu, "Kaka, moyo wa mama haujui likizo yako." Sasa nimefikiria nimdanganye mama. Nimwambie niko njiani, nitafika siku ile ile, na akishaingia chumba cha upasuaji basi, atanikasirikia akiwa mzima. Wenzangu wawili wanasema ni uongo mzuri, wa tatu amegeukia ukutani hataki kuongea nami. Nifanye nini? Kama mambo yalivyo, natarajia kurudi mwezi wa nane.

Msuka nondo

JIBU

Mwanangu, asante kwa kuniamini, na wasalimu hao wanaotafuna huku wakinisikiliza.

Mama yako amebahatika. Ana mkwe anayejua kutofautisha jua na ugonjwa, ana daktari msema kweli, na ana akili inayoweza kukitania kisu. Hatari zake ameshazipima kuliko ninyi wote, akakubali kuingia akijua habari ya wale wanne au watano wasiotoka. Ametaja sharti moja tu, nalo ni wewe, na wewe unatafuta namna ya kulikwepa.

Huo uongo uache leo. Mgonjwa huzinduka, mwanangu. Atazinduka ana mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema, atazungusha macho chumba kizima akikutafuta. Na asipozinduka je, utaishi vipi na hilo neno la mwisho ulilompa? Huyo aliyegeukia ukutani ndiye anayekupenda, kamshukuru.

Mwezi wa tisa pia usahau. Mzee aliyekwisha kuzimia hasubirishwi miezi mitano, hatari ya kungoja ni kubwa kuliko ya kisu.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwomba msimamizi wako abadilishe likizo. Sijapaona. Miaka minne hujafungua mdomo? Najua unaogopa, anayeomba huonekana msumbufu na mkataba ukiisha haitwi tena. Hofu hiyo siidharau. Lakini omba. Mdogo wako akutumie barua ya daktari, iwe na tarehe na muhuri, uende nayo asubuhi kabla kazi haijaanza. Wakikupa siku pungufu, zipokee. Wakikataa, mwambie mama ukweli siku hiyo hiyo na uamuzi umwachie yeye.

Halafu mpigie shemeji yako, yeye mwenyewe, usipitie kwa mumewe. Ndoo za maji amezibeba miaka minne bila wewe. Mshukuru, umwulize anataka nani wa kumsaidia. Na mwulizeni daktari kama mama anafaa kwa ile njia ya kupitisha mlango mpya kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua. Si kila mgonjwa anafaa, lakini kwa mzee swali hilo liulizwe kabla ya tarehe 20. Kaombe kesho, mwanangu, usingoje wiki iishe.

BARUA YA PILI

Tarehe 21 Machi.

Mpendwa mshauri, nimerudi na shukrani. Msimamizi aliisoma barua ya daktari akiwa amesimama, akaniuliza, "Kwa nini hukusema mapema?" Amenipa siku kumi na nne, zile nyingine zimepotea, nami nimezipokea kwa mikono miwili. Daktari amesema mishipa ya mama ni myembamba, njia ya paja haimfai, kwa hiyo ni kifua. Shemeji nilipomshukuru akasema dada yake atakuja kumsaidia mwezi mmoja wa mwanzo baada ya upasuaji.

Mama nilimwambia yote, pamoja na uongo niliokuwa nimeupanga. Akasema, "Ningekujua tu. Wewe ukidanganya unakohoa." Kisha akasema, "Njoo basi, lakini usiniletee uso wa msibani. Nataka niingie mle nikiwa nimecheka."

Hofu ya wale wanne au watano haijaniisha, ila sasa nitakuwa nayo nikiwa nimekaa karibu naye. Natarajia kufika nyumbani Jumapili, tarehe 12 Aprili, asubuhi.